Mabingwa wawili na funzo lao kwa Simiyu

Tarehe 23 Juni mwaka 2025, mjini Lausanne nchini Uswisi, Bwana Thomas Bach wa Ujerumani alimkabidhi Bibi Kirsty Coventry wa Zimbabwe uongozi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Aliyetoa alipata kuwa bingwa wa mchezo wa vitara. Aliyepokea alipata kuwa bingwa wa kuogelea, na ndiye Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho tangu Kamati hiyo ilipoundwa mwaka 1894. Sisi wana wa Afrika tunayo haki ya kulifurahia jambo hilo. Lakini furaha peke yake haijengi kiwanja, wala haimfikishi kijana wa Bariadi kwenye mashindano. Hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini na kulichambua, ili tujue lina maana gani kwetu.

Swali tunaloliuliza ni hili: bingwa anapovua viatu vyake vya mashindano, ana kazi gani iliyobaki kwa taifa lake? Je, ni mtu wa kualikwa kwenye sherehe, akakaa jukwaani, akapigiwa makofi, kisha akasahauliwa hadi sherehe nyingine? Au ni mtu mwenye ujuzi ambao haupatikani kwa njia nyingine yoyote, na ambao taifa likiuacha upotee limejipunja lenyewe?

Ili kulijibu swali hili tumechagua kuyapima maisha ya watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1953. Mmoja ni huyo Thomas Bach. Wa pili ni ndugu yetu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Historia iliwafunga watu hawa wawili katika fundo moja, ingawa mmoja alishika kitara na mwingine alikimbia, na ingawa mmoja alikulia katika nchi tajiri na mwingine katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajitoa katika makucha ya ukoloni.

KINYOZI WA MJI MDOGO

Mchezo wa vitara si mchezo wa kwetu kwa jina, lakini maana yake si ngeni. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wanaifahamu ngoma ya kirumbizi, ambamo wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo, mmoja akashambulia na mwingine akakinga, huku ngoma na zumari zikiwapa mwendo. Wanaifahamu pia siku ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, watu wanapopigana kwa mashina ya migomba ili kuumaliza mwaka bila kinyongo. Wazungu nao walichukua upanga wa vita, wakauondolea makali, wakaufunga ncha, wakaweka sheria na waamuzi, na upanga ukawa mchezo. Tangu Michezo ya Olimpiki ya sasa ilipoanza mjini Athens mwaka 1896, mchezo huo haujakosekana hata mara moja.

Bach alijifunza mchezo huo katika mji mdogo unaoitwa Tauberbischofsheim. Yafaa tukae kidogo hapa, maana lipo jambo la kutufaa. Aliyeanzisha chama cha vitara katika mji huo, miaka ya 1950, alikuwa kinyozi. Jina lake Emil Beck. Hakuwa profesa wa michezo, wala mji wake haukuwa na utajiri wa pekee. Alichokuwa nacho ni moyo wa kujifunza, ratiba isiyovunjwa, na desturi ya kuandika na kukumbuka kila kitu kuhusu kila mtoto aliyemfundisha. Kutoka katika chama hicho cha mji mdogo walitoka mabingwa wa dunia na wa Olimpiki, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi. Bach alikuwa mmoja wao. Mwaka 1976 mjini Montreal, Kanada, alikuwamo katika timu ya Ujerumani Magharibi iliyoshinda medali ya dhahabu, na mwaka 1977 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa dunia. Huku akishindana, alikuwa akisomea sheria, na baadaye akawa wakili.

KIJANA WA KARATU

Mwaka ule wa 1976 ambao Bach alivikwa dhahabu, Filbert Bayi alikuwa miongoni mwa wakimbiaji wakubwa kabisa duniani. Mwezi Januari mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mbio za mita 1,500. Keino wakati huo alikuwa simba wa mbio hizo barani. Wapo waliodhani imetokea kwa bahati. Tarehe 2 Februari mwaka 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi aliwajibu. Alishika uongozi tangu mwanzo, akakimbia mbele ya wenzake wote bila kumsubiri mtu, na John Walker, kijana wa nchi ile ile ya New Zealand, alipojaribu kumfikia mwishoni hakuweza. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia ambayo Jim Ryun wa Marekani aliiweka mwaka 1967. Alikuwa na umri wa miaka 20, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwezi Mei mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, aliivunja na rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Walker naye akaichukua rekodi hiyo ya maili miezi michache baadaye.

Dunia nzima ilikuwa ikiingoja Montreal, ili wawili hao wakutane tena. Hawakukutana.

MONTREAL NA MOSCOW

Sababu ya kutokukutana kwao ni jambo ambalo vijana wetu wa leo wanapaswa kufundishwa. Tarehe 16 Juni mwaka 1976 Makaburu waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Wakati damu ya watoto hao haijakauka, timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini kucheza na wabaguzi hao hao, kana kwamba hakuna lililotokea. Nchi za Afrika ziliitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iitoe New Zealand katika michezo ya Montreal. Kamati ilikataa, kwa hoja kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Ndipo zaidi ya nchi 20 za Afrika zikasusia, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Bayi hakukimbia Montreal. Walker alikimbia, akapata dhahabu.

Msimamo wetu juu ya uamuzi ule haujabadilika na hautabadilika: ulikuwa uamuzi wa haki. Mwaka uliofuata, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana katika Azimio la Gleneagles kuyakatisha mahusiano ya kimichezo na utawala wa ubaguzi wa rangi. Afrika Kusini ilirudi katika Olimpiki mwaka 1992 tu, ubaguzi ulipokuwa unakufa. Michezo iliwafunga Makaburu mlango ambao wafanyabiashara waliendelea kuwafungulia. Lakini kusema kwamba uamuzi ulikuwa wa haki si kusema kwamba haukuwa na gharama. Gharama ilikuwepo, na haikulipwa na mabalozi wala na makatibu wakuu. Ililipwa na kijana mmoja mmoja, aliyefanya mazoezi miaka minne na kuurudisha mfuko wake nyumbani bila kuufungua.

Miaka minne baadaye gurudumu liligeuka. Majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan mwishoni mwa mwaka 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akazitaka nchi za dunia zisusie michezo ya Moscow. Alimtuma mwanamasumbwi Muhammad Ali aje hadi Dar es Salaam kutushawishi. Mwalimu Nyerere hakumpokea, kwani aliona kwamba Afrika haiwezi kupelekewa bondia ili ishauriwe juu ya sera yake. Tanzania ilikwenda Moscow. Ujerumani Magharibi haikwenda. Safari hii aliyebaki nyumbani ni Bach, ambaye alikuwa msemaji wa wanamichezo wa nchi yake, na aliyesimama mbele ya wakubwa akapinga kususia, akashindwa.

Hivyo basi, yule aliyekwenda Montreal hakwenda Moscow, na yule aliyeikosa Montreal alikwenda Moscow. Bayi aliingia katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa muda mrefu kama ilivyokuwa tabia yake, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Bayi alipata medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, alipata fedha katika mbio za mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tangu tulipoanza kwenda katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964 hadi ile ya Paris ya mwaka 2024, hizo ndizo medali zetu mbili, na hakuna ya tatu.

SAUTI YA ALIYEKIMBIA

Sasa tuwatazame watu hawa walipoacha kushindana, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Bach hakuondoka Ujerumani na kinyongo cha mwaka 1980. Alikigeuza kinyongo hicho kuwa hoja: kwamba wanaoamua mambo ya michezo wawasikilize wanaocheza. Mwaka 1981, katika mkutano mkuu wa Olimpiki uliofanyika Baden-Baden, wanamichezo walipewa nafasi ya kusema kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo ikaundwa Kamisheni ya Wanamichezo ndani ya Kamati ya Kimataifa. Bach alikuwa mmoja wa wajumbe wake wa mwanzo. Mwaka 1991 akawa mjumbe kamili wa Kamati, na tarehe 10 Septemba mwaka 2013, mjini Buenos Aires, akachaguliwa kuwa rais.

Hatumsifu kupita kiasi. Katika miaka yake 12 wapo waliomlaumu, hasa kwa namna Kamati ilivyolishughulikia suala la dawa haramu za wanamichezo wa Urusi kabla ya michezo ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016. Lakini yapo mawili ambayo Mwafrika wa Mashariki hawezi kuyapuuza. La kwanza ni kwamba katika michezo hiyo ya Rio iliingia, kwa mara ya kwanza, timu ya wakimbizi. Walikuwa watu 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka katika kambi ya Kakuma, Kenya. Aliyewaandaa na kuwaongoza ni Tegla Loroupe, Mkenya, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio ndefu za New York, mwaka 1994. Huyo naye ni bingwa aliyegeuka mtumishi. La pili ni kwamba muda wake ulipokaribia kwisha, na baadhi ya wajumbe wakamsihi abaki, mwezi Agosti mwaka 2024 mjini Paris alitangaza kwamba hatabaki. Sheria ilisema miaka 12, na akaondoka kwa miaka 12.

Bayi alifuata njia iliyofanana na hiyo, ila kwa mfuko mwembamba. Alirudi nyumbani, akawa mwalimu na kiongozi. Pamoja na mkewe alianzisha shule zinazoitwa kwa jina lake, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza huko Kibaha. Kwa miaka mingi alishika wadhifa wa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Nyambui naye alipita njia hiyo: alikuwa kocha nchini na ng'ambo, na baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha taifa.

Msomaji asiyeijua kazi ya katibu wa michezo huenda akadhani ni kazi ya kusafiri na timu. Ukweli ni mwingine. Ni kazi ya barua, fomu na tarehe. Mwanariadha huandikishwa kabla ya siku iliyowekwa. Siku ikipita, hata awe na mbio za swala, hatakimbia. Huhitaji pasipoti, cheti cha daktari, kocha aliyesomea kazi yake, na mtu wa kumweleza ni dawa gani ya kikohozi inayoweza kumfungia maisha yake ya michezo. Upo mfuko wa Mshikamano wa Olimpiki ambao hutoa fedha za mafunzo kwa wanamichezo na makocha wa nchi maskini, lakini fedha hizo hupitia katika kamati za taifa, na hupewa mwenye kuomba kwa maandishi na kutoa hesabu kwa ukamilifu. Kamati isiyoandika haipati. Chama kisichotoa hesabu hakipati tena.

Ndugu zetu wa Zanzibar wanalijua jambo hili kwa uchungu wake. Mwezi Machi mwaka 2017 Shirikisho la Soka la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, na visiwa vyote vikashangilia. Mwezi Julai mwaka huo huo uanachama huo ukafutwa. Hapakuwa na mchezaji yeyote aliyekosa bao katikati ya miezi hiyo. Kilichotolewa na kilichochukuliwa vyote viliamuliwa mezani, na watu wenye karatasi. Katika Olimpiki pia, kijana wa Pemba hana mlango mwingine wa kupitia ila ule wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania. Basi ni dhahiri kwamba anayekaa katika ofisi ile anabeba ndoto za watu wa pande zote mbili za Muungano, na haifai akae pale mtu asiyejua ndoto hizo zina uzito gani.

UONGOZI NI AMANA

Hapa inatupasa kutahadharisha. Tukisema mabingwa wapewe uongozi, hatusemi kwamba medali ni cheti cha uhasibu. Mtu anaweza kukimbia kama upepo na bado asijue kusoma kitabu cha mapato na matumizi. Mwingine anaweza kupendwa na nchi nzima, na kwa sababu hiyo akaona kwamba hapaswi kuulizwa. Wahenga walikwisha kutuonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Jirani zetu wa Kenya, ambao kwa medali hatuwakaribii, walipata fedheha kubwa mwaka 2016. Timu yao ilirudi kutoka Rio na medali za kutosha, lakini nyuma yake yakaja malalamiko ya vifaa na fedha ambavyo havikuwafikia wanamichezo kama ilivyokusudiwa. Shauri lilifika mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu wawili waliokuwa viongozi wa juu. Mwaka 2017 Kamati ya Olimpiki ya Kenya ilifanya uchaguzi na kumweka Paul Tergat, aliyepata fedha mbili za Olimpiki katika mita 10,000 na aliyeweka rekodi ya dunia ya mbio ndefu mjini Berlin mwaka 2003. Wakenya hawakuridhika na kumwadhibu aliyekosa. Walitafuta pia mtu aliyejua maana ya kiatu kisichomfikia mkimbiaji.

Na katika mchezo wenyewe wa vitara, ambao katika eneo letu ulikuwa haujulikani, Kenya imetoa mfano mwingine. Alexandra Ndolo, ambaye baba yake ni Mkenya, alipata medali ya fedha ya dunia mjini Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani. Angeweza kutulia huko. Alichagua kuichezea nchi ya baba yake, akasaidia kukijenga chama cha mchezo huo Nairobi, na mwaka 2024 akawa Mkenya wa kwanza kucheza vitara katika Olimpiki. Hakungoja astaafu ndipo aanze kujenga.

Kwa hiyo kanuni yetu ni rahisi. Uongozi wa michezo ni amana, na amana ina masharti matatu: mwenye kuishika awe ameijua kazi kwa mwili wake au amejifunza kwa waliofanya hivyo, awe amesoma namna ya kuiendesha, na awe tayari kutoa hesabu na kuondoka muda ukifika. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayasimami.

SIMIYU IKO KATIKATI

Tumezunguka Lausanne, Montreal na Moscow, na sasa tunarudi nyumbani, maana maneno haya yote yalikuwa ya nyumbani.

Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 2. Mwananchi na aifungue ramani. Mashariki ya Meatu, ng'ambo ya Ziwa Eyasi, ndiko Karatu alikozaliwa Bayi. Kaskazini ya Busega, ukivuka maji ya Ghuba ya Speke, ndiko Majita alikotoka Nyambui, mkabala na kisiwa cha Ukerewe. Kusini, mpakani na Meatu, ndiko Singida, alikozaliwa Alphonce Simbu, askari mwingine wa Jeshi la Wananchi, ambaye mwezi Septemba mwaka 2025 mjini Tokyo alishinda mbio ndefu za ubingwa wa dunia kwa tofauti ya sehemu 3 za mia ya sekunde, na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Basi mabingwa hao watatu wametuzunguka. Nasi tuko katikati. Jua linalowawakia ndilo linalotuwakia, na watoto wetu hutembea na kukimbia kwenda shule kama watoto wao. Je, yuko atakayesema kwamba Mungu aliigawa miguu mizuri huko pande tatu na kuiruka Simiyu? Sisi hatuamini hivyo. Tunaamini kwamba kinachopungua ni mpango.

Na mpango si jambo la kigeni kwa Wasukuma. Tangu enzi za mababu, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikishindana baada ya mavuno. Kila upande una kiongozi wake, una wanachama wake, una siri zake za maandalizi, na hupeleka mtu kuutazama upande wa pili. Mwamuzi ni umati: anayewavuta watazamaji ndiye aliyeshinda. Mbio za baiskeli nazo huwajaza watu barabarani kote Usukumani, na vijana hushindana kwa baiskeli zile zile zinazobeba pamba na mahindi. Watu wenye desturi kama hizo hawafundishwi kupenda mashindano. Wanachohitaji ni mtu wa kuandika majina, kupima muda, kuhifadhi matokeo na kumpeleka mshindi mbele.

Kwa sababu hiyo tunazo hoja tunazozileta mbele ya viongozi wetu wa mkoa na wa halmashauri zetu sita, kwa heshima na kwa uwazi.

Kwanza, matokeo ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, yahifadhiwe kuanzia ngazi ya kata. Mtoto wa Itilima aliyekimbia vizuri akiwa darasa la sita, ajulikane alipo akiwa kidato cha pili. Kinyozi wa Tauberbischofsheim alianzia hapo hapo.

Pili, kila kamati ya michezo ya wilaya iwe na nafasi kwa wanamichezo wa zamani, wanaume kwa wanawake, nao wawe na haki ya kusema na ya kupiga kura. Asitafutwe mtu wa kupamba meza. Na wanaochaguliwa wapelekwe kozi za uongozi na za utunzaji wa fedha kabla hawajakabidhiwa muhuri.

Tatu, fungu la michezo litangazwe kwa wananchi, na matumizi yake yabandikwe ubaoni kama yanavyobandikwa ya miradi mingine. Mkulima wa pamba anayekatwa ushuru wake ana haki ya kujua mipira mingapi ilinunuliwa.

Nne, muda wa uongozi uheshimiwe. Vipo vyama vya michezo katika nchi hii ambavyo viongozi wake hawajui neno kwaheri. Ikiwa aliyeongoza michezo ya dunia nzima alisihiwa abaki na akaondoka, haiwezekani mwenyekiti wa chama cha wilaya akadai kwamba bila yeye mchezo utakufa.

Tano, yale ambayo taifa linawadai wanamichezo wake, taifa lenyewe nalo liwe na daftari lake la madeni. Mwaka 1976 tuliwaomba vijana wetu waache ndoto zao kwa ajili ya ukombozi wa Afrika, nao wakatii. Haikuwa dhambi kuwaomba. Dhambi ni kusahau. Wapo wanamichezo wa zamani, si hapa tu bali hata visiwani, ambao majina yao yalitangazwa redioni na leo hakuna anayejua wanaishi vipi. Achezaye kwao hutuzwa, na tuzo iliyo bora kwa bingwa si kanga wala picha ya ukutani. Ni kazi yenye maana, miongoni mwa vijana wanaotaka kujua alichokijua.

Afrika imepewa michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, ile ya vijana ya mwaka 2026, mjini Dakar, Senegali. Na kiti kikuu cha Lausanne kinakaliwa na binti wa Zimbabwe. Milango ambayo wakati wa Montreal ilikuwa imefungwa sasa iko wazi. Lakini mlango ulio wazi haumwiti mtu kwa jina. Lazima awepo mtu Bariadi wa kumwandikisha kijana kwa wakati, wa kumpandisha basi, wa kumtetea mezani, na wa kurudi na risiti. Kazi hiyo haina medali. Bayi aliifanya akiwa tayari na medali nyumbani, na Nyambui vile vile. Inabaki kwa Simiyu kuamua ni nani watakaoifanya hapa, na kuwapa nafasi ya kuianza.